TUNDU LA BAFLE SIYO PAMBO

Ndugu wanafunzi, wengi mnauliza: bafle ya besi ya motokaa, kwa nini iko na tundu? Chukueni chupa tupu, mpulize juu ya mdomo wake. Italia «vuu». Hewa ya shingoni inarukaruka juu ya hewa ya tumboni kama juu ya resori. Bafle ni vile vile: kisanduku ndiyo tumbo, tiyo ndiyo shingo. Albert Thuras wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1932.

Sasa tuhesabu. Hewa litri 50, tiyo ya upana wa cm 10 kwa ndani, urefu cm 31: itaimba mitetemo 35 kwa sekunde. Mukiikata cm 15, itapanda karibu 46. Tiyo na hoparleri vinakula nafasi, kwa hiyo kisanduku kipimwe ndani cm 50 × 44 × 25, ni litri 55. Mbao za mm 18, kole na vise. Hewa isipite penye viungo. Nyuma ya tiyo muache nafasi cm 10.

Lakini angalieni! Sauti ikishuka chini ya mitetemo ya tiyo, hewa haizuii tena hoparleri. Inacheza ovyo mpaka inapasuka. Mimi niliweka tiyo fupi bila kuhesabu, nikapoteza hoparleri na pesa ya miezi mitatu. Kila hoparleri ina vipimo vyake. Someni kwanza karatasi ya mtengenezaji, ndipo mushike msumeno.