Maji, Maziwa na Ndimu katika Chombo cha Shaba

Neno "sufuria", ambalo leo hutamkwa bila kufikiria madini yoyote, limetokana na neno la Kiarabu "sufr", yaani shaba, hasa ile ya manjano. Jina hilo latukumbusha kwamba shaba haikuingia jikoni mwa Waswahili jana wala juzi. Dele la kahawa la shaba lajulikana Lamu, Mombasa na Unguja, na haluwa ya Oman hupikwa katika masufuria makubwa ya shaba hata leo. Katika miaka ya karibuni chombo hiki kimerudi majumbani kwa njia nyingine. Chupa na bilauri za shaba nyekundu zinauzwa kwa sifa za tiba, kwa kufuata desturi ya kale ya India ya kulaza maji usiku katika chombo cha shaba na kuyanywa asubuhi. Sisi tunaotibu maradhi ya ini huulizwa habari zake na wagonjwa wa namna mbili: wale wanaotumaini kwamba maji hayo yataliponya ini, na wale wanaohofu kwamba yataliharibu. Wote wawili wanakitazama chombo, ilhali jambo la kutazamwa ni kile kinachotiwa ndani yake na muda kinaokaa humo.

Tuanze na maji. Mwaka 2012 watafiti wa Bangalore, India, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo maji yaliyotiwa kwa makusudi bakteria wa maradhi ya kuhara na wa homa ya matumbo, wakiwamo wa kipindupindu, yaliwekwa katika vyungu vya shaba kwa saa 16 katika joto la kawaida la chumba. Baada ya muda huo bakteria hao hawakuoteka tena maabara. Shaba iliyoyeyukia majini ilikuwa wastani wa mikrogramu 177 kwa lita, nacho kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2 kwa lita. Mtu akinywa lita mbili za maji hayo kwa siku atapata kama miligramu 0.35 za shaba. Mahitaji ya mtu mzima ni kama miligramu 0.9 kwa siku, na kwa kawaida huyapata katika maharage, korosho, ufuta na maini bila hata kujua.

Kwa hiyo mtu mzima mwenye ini lenye afya, anayekunywa maji safi yaliyolala katika shaba, hajidhuru. Wala hajitibu. Maji hayo hayashushi sukari, hayaondoi mafuta katika ini, na hayachukui nafasi ya vidonge vya shinikizo la damu. Zile saa 16 nazo zikumbukwe: kumimina maji ya kisima katika bilauri ya shaba na kuyanywa papo hapo si kuyasafisha. Palipo na kipindupindu, maji yachemshwe au yatiwe klorini kama kawaida.

Hali hubadilika ndimu inapoingia. Shaba huyeyuka kwa urahisi katika kitu chenye tindikali, na kadiri kinavyokaa au kupashwa moto ndivyo inavyozidi kuyeyuka. Maji ya ukwaju, sharubati ya ndimu, siki, mtindi, togwa, mchuzi wa nyanya, achari ya embe, vyote hivi havifai kugusa shaba tupu. Mwongozo wa usalama wa chakula wa Marekani unakataza shaba kugusana na chakula au kinywaji chochote ambacho pH yake ni chini ya 6, na humo huingia karibu kila kinywaji cha matunda. Shaba ikifika kama miligramu 4 katika lita ya maji, baadhi ya watu huanza kuona kichefuchefu. Ikizidi, hufuata kutapika na tumbo kusokota, mara nyingi ndani ya saa moja ya kunywa, kukitanguliwa na ladha ya chuma mdomoni. Ni rahisi mgonjwa kama huyo kuandikiwa kuwa amekula chakula kichafu, bila mtu kuuliza sharubati ilikamuliwa katika chombo gani. Mama zetu waliijua nguvu hiyo kabla ya maabara zetu, maana ndimu na ukwaju ndivyo walivyosugulia sinia la shaba mpaka likang'aa. Kile kinachotoka kwenye sinia hakipotei. Kimo ndani ya ile ndimu.

Lakini kisa kizito kuliko vyote ni cha maziwa. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 madaktari wa India walipokea watoto wadogo, wengi wao wa chini ya miaka mitatu, ambao ini lilikuwa limevimba na kuwa gumu, tumbo limejaa maji, na macho yamegeuka manjano. Wengi walikufa katika muda wa miezi. Ndugu wa nyumba moja waliweza kuugua mmoja baada ya mwingine, hata ikadhaniwa kuwa ni ugonjwa wa kurithi tu. Maini yao yalipopimwa yalikutwa na shaba nyingi mno. Mwaka 1983 madaktari wa Pune pamoja na wenzao wa Uingereza walieleza katika jarida la Lancet kwamba watoto hao walianzishiwa mapema maziwa ya wanyama, yaliyochemshwa na kuhifadhiwa katika vyombo vya shaba nyekundu au ya manjano. Maziwa mabichi si machachu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Protini yake iitwayo kasini huinasa shaba, kwa hiyo maziwa huivuta kutoka kwenye chombo hata kabla ya kuganda. Familia ziliposhauriwa kuviacha vyombo hivyo, na chuma cha pua kilipoenea majikoni, ugonjwa ule ukawa nadra.

Aliyedhani kuwa hayo ni mambo ya India peke yake alijibiwa mwaka 1996, Lancet lilipochapisha habari za Tyrol, magharibi mwa Austria. Huko, kati ya mwaka 1900 na 1974, watoto 138 walikufa kwa ugonjwa wa namna hiyohiyo. Walikuwa wamelishwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji na sukari, na kuchemshwa katika sufuria za shaba zisizopakwa bati. Sufuria za kisasa ziliposhika nafasi ya zile za zamani, ugonjwa ukatoweka. Si kila mtoto aliyenyweshwa maziwa hayo aliugua. Watafiti waliona kwamba palikuwa na udhaifu wa kurithi, ambao bila sufuria ile haukudhihirika.

Sababu ya mtoto kuumia kuliko mzazi wake ni ya kimaumbile. Mtoto huzaliwa na akiba kubwa ya shaba katika ini, na njia ya kuitoa, yaani nyongo, ingali haijakomaa. Maziwa ya mama huja na shaba kidogo tu inayomtosha. Basi, wahudumu wenzangu, mnapompokea mtoto mwenye ini gumu, ongezeni swali moja: maziwa yake huchemshiwa katika nini, na hulala katika nini? Swali hilo halichukui nafasi ya vipimo vingine. Tena mtoto mchanga mwenye manjano na kinyesi cheupe apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda njia ya nyongo imeziba.

Wako pia watu wazima wasiopaswa kutumia shaba hata kwa maji matupu, nao ni wenye ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa na daktari Kinnier Wilson huko London mwaka 1912. Mwili wao hushindwa kuitoa shaba kwa njia ya nyongo, ikajilimbikiza katika ini na ubongo. Mikono hutetemeka, maneno huwa mazito, tabia hubadilika. Dawa zipo na hutumiwa maisha yote. Ndugu wa mgonjwa nao wapimwe hata kama hawaumwi.

Kwa mpishi anayetaka sufuria ya shaba kwa sababu hupitisha joto upesi na kwa usawa, iliyo salama ni ile iliyopakwa bati ndani, na dele la kahawa ni vivyo hivyo, kwa kuwa kahawa nayo ina uchachu. Mwulize fundi kama bati lake ni tupu. Likichanganywa na risasi huyeyuka upesi na kumpunguzia kazi, lakini risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, kwa hiyo sufuria hiyo isiachwe tupu motoni, wala isisuguliwe kwa mchanga au waya. Wekundu ukianza kuonekana kwa ndani, au kutu ya kijani ikijitokeza pembeni, irudishwe kwa fundi, au itundikwe ukutani iwe pambo.