Chujio la barua pepe lisimeze oda ya mbegu

Wakala wa mbegu wa Kihonda, Morogoro, anayeendesha seva yake mwenyewe ya barua pepe ana maadui wawili. Wa kwanza anaonekana: barua taka za bahati nasibu, dawa na mikopo ya haraka. Wa pili haonekani, naye ndiye ghali zaidi: oda halali iliyotupwa pamoja na taka hizo.

Kufuta barua taka moja ni kazi ya sekunde chache. Lakini oda ya mahindi ya Staha au TMV-1 ikilala siku nne kwenye folda ya taka huku masika yameanza, mwenye duka la Kilosa au Mvomero atakuwa amekwisha kununua kwingine.

Programu ya SpamAssassin, isiyolipiwa leseni, huipa kila barua alama. Zikifika 5, barua huhesabiwa taka, isipokuwa mwenye seva amebadili kiwango hicho. Sehemu ya alama hutokana na kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18: neno hili limeonekana mara ngapi katika taka, na mara ngapi katika barua njema? Ndiyo maana programu hufunzwa kwa mafungu yote mawili. Kwa kawaida sehemu hiyo haianzi kazi mpaka isome taka 200 na barua halali 200.

Barua hizo 200 halali zitoke ofisini humo humo. Kwa wengine neno "mkopo" ni dalili ya utapeli. Kwa wakala anayeandikiana na vyama vya ushirika, mkopo wa pembejeo ni biashara ya kila siku. Vivyo hivyo "gunia", "ankara" na Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Kuazima kumbukumbu za seva ya mtu mwingine ni kuazima pia biashara yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Karani huhamishia makosa kwenye folda mbili, na usiku amri ya sa-learn huzisoma. Ila karani mvivu anayetupa ankara za wadai kwenye taka ataifundisha seva uvivu wake.

Kwa wiki za mwanzo, ni busara seva iweke alama tu bila kufuta kitu, na mtu mmoja aifungue folda ya taka kila asubuhi, kabla magari ya mzigo hayajaondoka.