Huyu Si Firauni

Baada ya darsa ya akina mama wiki iliyopita, mama mmoja alibaki nyuma akanionyesha picha katika simu yake. Ni mwili mkavu wa mtu aliyejikunja, magoti yamepanda kifuani, mikono imeelekea usoni. Chini yake pameandikwa kwamba huyu ndiye Firauni wa zama za Nabii Musa (a.s.), ameopolewa baharini akiwa amesujudu, na sasa amewekwa London ili walimwengu wamwone.

"Sheikh," aliniuliza, "mwanangu aliieleza habari hii shuleni, wenziwe wakamcheka. Ni kweli au si kweli?"

Nilimuomba anipe siku chache. Picha hiyo nami niliwahi kuipokea, na, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliwapelekea wengine bila ya kuuliza imetoka wapi.

Picha yenyewe ni ya kweli. Maneno yaliyo chini yake ndiyo yasiyokuwa kweli. Mwili huo umo katika British Museum tangu mwaka 1900. Ulitoka Gebelein, kusini ya Luxor huko Misri, mahali ambapo jina lake kwa Kiarabu lina maana ya milima miwili. Hapo ni jangwani, mbali na bahari. Mtu huyo alizikwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ufalme wa Mafirauni haujasimama. Hakuwa mfalme. Hakuwekewa jeneza wala hakupakwa dawa. Walimlaza kwa ubavu wa kushoto katika shimo, wakamkunja kama mtoto aliye tumboni, kama ilivyokuwa ada yao, wakamfukia kwa mchanga. Anayemtazama kutoka juu ndiye anayedhani ameona sijda.

Na kwa nini hakuoza? Kila nyumba ya pwani inayoanika ng'onda inalo jibu, wala sisemi hivi kwa kumdharau maiti. Kinachoozesha ni vijidudu, navyo haviishi bila ya maji. Mchanga wa jangwa, mkavu na wenye moto, ulimgusa mwilini moja kwa moja ukamnyonya maji kabla ya kuoza. Ngozi ikabaki, na nywele zikabaki.

Mwaka 2012 wataalamu walimpitisha katika mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, pasina kumpasua. Walikuta ni kijana, baina ya miaka 18 na 21. Walikuta pia jeraha mgongoni, chini ya bega la kushoto: alichomwa kwa kitu chenye ncha, ubavu ukavunjika, na pigo likafika pafuni. Hakuna alama za kujikinga. Yaonekana alishambuliwa kwa nyuma, ghafla. Mwaka 2018 ikatangazwa kuwa doa jeusi lililo mkononi mwake ni chale za picha za wanyama wawili wenye pembe, fahali na kondoo wa mwituni.

Basi tazameni tulilolifanya. Kijana aliyeuawa kwa kuviziwa, tumemvika jina la dhalimu aliyedai uungu! Watu wa jumba lile walikuwa wamempa jina la utani kwa ajili ya nywele zake nyekundu, kisha wakaliacha kwa kuchunga heshima ya maiti. Sisi tuliokatazwa na Mtume (s.a.w.) kuwatukana wafu, na kufundishwa kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, tumempa jina baya zaidi.

Miili ya wafalme wa Misri ipo, lakini iko Cairo. Ramesses wa Pili, ambaye wengi humtaja kuwa ndiye Firauni huyo, alitolewa mwaka 1881 katika pango la Deir el-Bahri, ambamo makuhani wa kale waliwaficha wafalme wao kutokana na wezi wa makaburi. Inasimuliwa kwamba meli iliyowachukua ilipokuwa ikiteremka mto Nile, wanawake wa vijijini waliifuata ukingoni nywele wazi, wakilia kama waliao msibani. Mwanawe, Merneptah, alipatikana mwaka 1898 katika Bonde la Wafalme. Daktari Mfaransa Maurice Bucaille alishika kwamba huyu ndiye aliyezama. Ni rai yake. Ama chumvi iliyo katika miili hiyo, si lazima iwe ya bahari: Wamisri waliwakausha wafu wao kwa magadi yaitwayo natroni, na kazi nzima ilichukua takriban siku 70.

Na Qur'ani je? Katika Surat Yunus, aya ya 92, tunaelezwa kuwa mwili wa Firauni utaokolewa uwe ishara kwa walio nyuma yake. Hakutajwa jina lake la ufalme, wala pale utakapowekwa mwili huo. Ibn Kathir ananukuu kuwa baadhi ya Bani Israil walitilia shaka kufa kwake, bahari ikaamrishwa imtupe mahali palipoinuka, wakamwona kwa macho yao. Kwa kauli hii ishara ilitimia tangu siku ile. Huenda mwili huo ukawa miongoni mwa ile ya Cairo, huenda usiwe, wallahu aalam. Imani ya mtoto wetu haikusimama juu ya picha ya simu, na ndiyo maana inaniuma alipochekwa kwa jambo ambalo Kitabu hakikulisema.

Nilimweleza mama yule haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe masikini alichomwa kisu, nasi tukamsingizia." Akaifuta picha mbele yangu, akaanza kuwaandikia aliokuwa amewapelekea. Mimi nimekwisha kuyaandikia makundi mawili. La tatu bado ninalitafuta.