Laptopu yako ya Linux inadai sasisho? Usiipige chenga

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakifunga bila kusoma.

Wauzaji wengi wa mtandaoni hapa Babati, uwe unauza asali, mbaazi au vitunguu saumu vya Mbulu, tunatumia laptopu za mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kama laptopu yako haiwezi Windows 11, fundi anaweza kukuwekea Linux, mara nyingi Ubuntu au Linux Mint. Ni bure na inaenda vizuri. Shida inaanza pale ujumbe wa masasisho unapotokea. Unasema "bando litaisha", unafunga, unaendelea kujibu wateja. Miezi inapita hivyo hivyo.

KIFURUSHI NI NINI?

Hapa siyo bando, wala siyo mzigo wa kupeleka stendi. Kwenye Linux programu zinakuja ndani ya vifurushi, na programu nyingi zinaazimana vifurushi. Ni kama wauzaji watano sokoni wanaotumia mzani mmoja. Mzani ukiharibika, wote wanapima vibaya. Ukitengenezwa, wote wamepona.

Mfano wa kweli: Septemba 2023 liligundulika tundu kwenye libwebp, kifurushi kinachofungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kumpa mdukuzi nafasi ya kuendesha amri zake kwenye kompyuta yako. Google wakasema wahalifu walikuwa wameshaanza kulitumia. Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi ziliguswa. Na sisi kazi yetu ni kufungua picha kutwa nzima!

KWA NINI UWAHI?

Siku rekebisho linapotoka, na wezi nao wanajua tundu liko wapi. Machi 2017 Microsoft walitoa rekebisho la tundu la Windows. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita humo humo, kikafunga mafaili ya watu duniani, hospitali za Uingereza zikiwemo. Rekebisho lilikuwepo karibu miezi miwili, ila wengi hawakuwa wameliweka. Linux siyo Windows, lakini kanuni ni ile ile.

Kwako wewe kinachoweza kuondoka ni daftari la oda, namba za wateja na WhatsApp uliyoiunganisha na laptopu. Tena tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya mteja siyo mali yako ya kuchezea.

FANYA HIVI

1. Mara moja kwa wiki fungua terminali, andika: sudo apt update
Hii haiweki kitu, inasoma tu orodha ya vilivyo vipya.

2. Kisha andika: sudo apt upgrade
Kabla ya kupakua itakuambia ni MB ngapi, halafu itakuuliza uendelee au la. Kwa hiyo bando halikatwi kwa kushtukiza. Ukitumia Mint, bonyeza alama ya ngao pembeni chini, inafanya kazi hiyo hiyo.

3. Bando ni dogo? Kwenye Ubuntu ingia mipangilio ya masasisho, chagua ya usalama peke yake. Mengine yasubiri.

4. Firefox ya Ubuntu za karibuni inakuja kwa njia nyingine inayoitwa snap, apt haiigusi. Inajisasisha yenyewe, ila ifunge kabisa mara kwa mara. Ukiiacha wazi wiki nzima unaendelea kutumia ile ya zamani.

5. Ukimaliza, zima laptopu na uiwashe upya. Rekebisho la kiini cha mfumo halifanyi kazi mpaka uwashe upya.

6. Angalia toleo lako kwa kuandika: lsb_release -a
Ubuntu 20.04 huduma yake ya kawaida iliisha Mei 2025. Ya 22.04 inaenda hadi 2027, ya 24.04 hadi 2029. Ukiwa na 20.04, mwambie fundi akupandishe, au ajiunge kwa niaba yako na Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mashine zisizozidi 5.

TAHADHARI

Sasisho la kweli haliji kwa SMS, wala kwa faili la kwenye grupu la WhatsApp. Na tovuti ikikuandikia "kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa", funga. Apt inahakiki vifurushi kwa kutumia sahihi ya hazina rasmi. Faili la mtaani halina wa kulikagua.

Kabla ya kufungua oda za Jumatatu, tenga dakika kumi ufanye namba 1 na 2. Ukikwama, andika kwenye maoni ujumbe uliotokea kwenye skrini, tutasaidiana. Na mtumie mwenzako ambaye fundi alimwekea Linux halafu hakumwambia haya.