Siku Mbili za Farasi Zisipotee Bure

Hapa kwetu farasi ni wachache, na mafunzo ya siku mbili kwa mwalimu mgeni yanakula franka nyingi. Tukimpeleka mtoto, tutake arudi mzima, tena arudi na kitu kichwani.

Kwanza usalama. Kofia ngumu imkae sawasawa, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Viatu viwe na kisigino kidogo, mguu usinaswe katika chuma cha kukanyagia. Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa. Mtoto amwendee kwa upande wa bega, akimsemesha.

Pili, achague swali moja mbele ya kwenda: namna gani nimsimamishe bila kuvuta hatamu kwa nguvu? Zamu ya wenzake ikifika, asiende kucheza. Mwalimu akisahihisha mmoja, anafundisha wote. Jioni aandike katika kaye mambo matatu, na siku atakapopanda tena ayarudilie.

Tatu, msichana akiogopa, tumweleze habari za Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944, miguu ikabaki bila nguvu chini ya magoti. Alijifunza tena polepole. Mwaka 1952, huko Helsinki, wanawake waliporuhusiwa mara ya kwanza kushindana katika mchezo wa farasi wa dressage kwenye Olimpiki, alipata medali ya fedha, ingawa alisaidiwa kupanda na kushuka.

Basi tusione haya kumwambia mwalimu kwamba mtoto anaogopa. Woga ukifichwa, mwili unakakamaa, na farasi anausikia.