Siku 60 Zinahesabiwa Kuanzia Wapi?

Mshahara wa mfanyakazi wa Marekani hauingii kwenye akaunti yake kama pesa ya M-Pesa inavyoingia kwenye simu. Mwajiri huandaa orodha ya malipo mapema. Benki yake huigeuza kuwa faili la maandishi matupu, kila mstari herufi 94, bila kuzidi wala kupungua. Faili hilo hupelekwa pamoja na mengine kwa mwendeshaji, ama Federal Reserve, ambayo ndiyo benki kuu ya nchi hiyo, ama kampuni ya mabenki iitwayo The Clearing House. Huko miamala hupangwa upya na kugawiwa benki za wapokeaji. Mfumo huu unaitwa ACH. Ni wa kizamani na hauna mvuto wowote, lakini mwaka 2024 ulibeba miamala bilioni 33.6 yenye thamani ya dola trilioni 86.2.

Wengi hawajui kwamba ACH huingiza pesa na pia huchomoa. Ukiiruhusu kampuni ya umeme ikate bili yako kila mwezi, ni kampuni hiyo inayotuma agizo kupitia benki yake. Benki yako inalipokea na kulitekeleza bila kukupigia simu, wala haijawahi kuiona hiyo ridhaa uliyotoa. Inaamini tu kwamba benki ya upande wa pili imehakikisha. Ulinzi wako ni haki ya kuurudisha muamala baadaye, na haki hiyo ina masharti ambayo mtu wa kaunta anayajua au hayajui. Vyama vya malipo vya kikanda vya Marekani vinafanya kazi hapo, kwenye pengo kati ya kanuni na mtu wa kaunta.

Vyama hivi vina historia iliyoanza na karatasi. Miaka ya 1960 mabenki ya California yaliona hundi zinaongezeka kwa kasi ambayo makarani na mashine zao zisingeimudu. Mwaka 1968 yakaunda kamati ya kutafuta njia ya kulipana bila karatasi, na mwaka 1972 mtandao wa kwanza wa ACH ukaanza kazi California. Mikoa mingine ikaiga, kila mmoja na chama chake. Mwaka 1974 vyama hivyo vikaungana kwa kuunda chombo cha taifa, kinachojulikana leo kama Nacha, ili kanuni ziwe moja nchi nzima. Kwa hiyo mikoa ilitangulia na taifa likafuata. Ndiyo maana mpaka sasa elimu ya malipo inatolewa zaidi na vyama kama EPCOR cha Kansas City, NEACH cha majimbo ya New England na UMACHA cha Minnesota na jirani zake. Vyote ni vya wanachama, na wanachama hao ni benki na vyama vya akiba na mikopo, yaani Saccos za huko.

Benki kubwa ina idara nzima ya malipo na mawakili wake. Chama cha akiba na mikopo cha walimu wa mji mdogo kinaweza kuwa na wafanyakazi wachache tu, na yule anayepokea amana ndiye huyohuyo anayerudisha miamala mchana. Kitabu cha kanuni hakijali ukubwa. Kinawabana wote sawa.

Tuchukue mfano. Mteja anafika kaunta na taarifa ya akaunti: tarehe 3 Januari 2025 kampuni asiyoijua ilikata dola 89. Keshia asiyefunzwa ataandika kwamba mteja amelalamika, kisha atachagua namba ya sababu inayoonekana kufaa. Aliyefunzwa anauliza kwanza: huijui kabisa kampuni hii, au uliiruhusu na ikakosea kiasi au tarehe? Kama haijui, namba ni R10. Kama aliiruhusu ila imekata zaidi ya makubaliano au kabla ya siku, ni R11. Kama aliiruhusu kisha akabatilisha ridhaa yake, ni R07. Kabla ya Aprili 2020 makundi mawili ya kwanza yalitupwa yote kwenye R10, na kampuni iliyokosea tarehe ilionekana sawa na tapeli. Sasa iliyorudishiwa kwa R11 inaweza kusahihisha kosa na kutuma upya bila kuomba ridhaa nyingine. Swali moja la kaunta linaamua hayo yote, na mteja lazima asaini tamko la maandishi.

Halafu tuje kwenye siku. Kanuni za ACH zinaipa benki siku 60 za kalenda kurudisha makato yasiyo na ridhaa kwenye akaunti ya mtu binafsi, zikihesabiwa tangu muamala ulipokamilishwa baina ya benki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1978, inayomlinda mteja, nayo inataja siku 60, lakini inazihesabu tangu benki ilipomtumia mteja taarifa yenye muamala huo. Namba ni moja, mianzo ni miwili. Mteja wetu alitumiwa taarifa tarehe 31 Januari na amefika tarehe 20 Machi. Kwa hesabu ya sheria ziko siku 48, yumo ndani ya muda. Kwa hesabu ya mtandao zimepita 76. Mteja yuko ndani ya muda wake wa kulindwa, benki haina tena njia ya kuurudisha muamala mtandaoni, na imebakiwa na kudai upande wa pili nje ya mtandao, njia ndefu isiyolipa kwa dola 89. Nimeona watu wenye shahada za fedha wakibishana juu ya jambo hili dakika 20. Mkufunzi wa chama hulieleza kwa kuchora mistari miwili ubaoni.

Baya zaidi ni la mfanyabiashara. Akaunti ikiwa ya kampuni, na makato yakawa yametumwa kwa utaratibu wa malipo ya kampuni kwa kampuni, hazipo siku 60. Ni siku 2 za kazi za benki. Mwenye mgahawa anayekagua akaunti yake kila mwisho wa mwezi hana ulinzi huo, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwambia. Keshia aliyefunzwa angemwambia siku ya kufungua akaunti.

Somo jingine linalozijaza simu za vyama hivi ni marehemu. Pensheni ya taifa ya Marekani ya mwezi fulani hulipwa mwezi unaofuata, na mtu lazima awe hai mwezi mzima ndipo aistahili. Aliyefariki tarehe 28 Juni hana haki ya fedha itakayoingia Julai. Ikiingia, serikali itaidai benki, na benki iliyojua kifo kisha ikaacha ndugu wazitoe inaweza kuzilipa kutoka mfukoni mwake. Fikiria mjane anayekuja na cheti cha kifo kuomba ushauri wa kitu kingine kabisa. Aliyekaa upande wa pili wa dirisha anatakiwa amsikilize kwa huruma, na palepale ajue kwamba benki yake sasa imejua.

Vyama huendesha semina, hujibu simu za wanachama, na huandaa watu kwa mtihani wa Nacha unaotoa cheti cha AAP, ambacho mwenye nacho lazima aendelee kujisomea ili asikipoteze. Pia vinafanya ukaguzi. Kila taasisi iliyo kwenye mtandao lazima ijikague au ikaguliwe juu ya kanuni hizo kila mwaka kufikia 31 Desemba. Hapa nina shaka kidogo. Chama kinamfundisha mwanachama, kinapokea ada yake, kinamuuzia ukaguzi, na kinashiriki kuandika kanuni zinazokaguliwa. Hakuna uovu wa wazi humo, na mkaguzi anayezijua kanuni ni bora kuliko mkaguzi mgeni. Hata hivyo ningependa mwenyekiti wa bodi ya Sacco abadilishe mkaguzi mara moja moja.

Kwetu mambo yalijengwa tofauti. Chama cha Mabenki Kenya kilianzisha PesaLink mwaka 2017 kupitia kampuni yake, na Tanzania mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, uko mikononi mwa Benki Kuu yenyewe. Mafunzo ya kanuni za malipo kwa keshia wa Sacco ya kijijini bado yanategemea sana benki au kampuni ya simu aliyoungana nayo, ambayo ina biashara yake ya kuangalia.

Nako Marekani silabasi inabadilika. Malipo ya RTP tangu 2017 na ya FedNow tangu Julai 2023 hayarudishwi, yakishafika yamefika. Na hata ndani ya ACH, matapeli wamehama. Badala ya kukata akaunti ya mtu, wanamdanganya mhasibu wa kampuni atume mwenyewe, kwenda kwenye akaunti waliyoikodi. Kanuni mpya zinazoanza kutumika mwaka 2026 zinazitaka benki za wapokeaji pia ziwe na utaratibu wa kutambua fedha zinazoingia kwa namna ya kutia shaka. Hilo ni geni kwao, kwa sababu mfumo huu huingiza pesa kwa namba ya akaunti, na benki inayopokea hailazimiki kulinganisha jina. Malipo ya dola 38,000 yaliyoandikwa jina la kampuni ya mabomba yanaweza kutua kwenye akaunti ya mwanafunzi iliyozoea dola 400, na mtandao hautalalamika. Sasa wakufunzi wanalazimika kufundisha nani aitazame orodha ya miamala ya kutia shaka, saa ngapi, na afanye nini akiwa na shaka lakini hana uhakika.