Kazi ya Msoma Mita Ilikwenda Wapi

Kuna kazi iliyotoweka Dar es Salaam bila maandamano wala hotuba. Msoma mita wa umeme alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, ananukuu namba. Karani anakokotoa bili ofisini, keshia anapokea fedha dirishani, na asiyelipa anafuatwa na fundi mwenye ngazi. Ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na mita ya nyumbani ikazibeba kazi zote hizo peke yake. Pita leo Goba, kata ya wilaya ya Ubungo inayojengwa kila kona tangu ilipokuwa bado chini ya Kinondoni. Utakachoona ni mita ukutani na mtu aliyeshika simu mkono mmoja, mkono wa pili unabonyeza tarakimu 20.

Tarakimu hizo hazikutungwa ovyo. Ndani yake kumefichwa kiasi cha umeme ulionunuliwa na dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita hiyo tu. Ndiyo maana uniti za jirani haziingii kwako. Dakika huhesabiwa kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa Novemba 24, 2024. Mita hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea ili namba moja isitumike mara mbili. Hesabu ikianza tena sifuri, tokeni mpya itaonekana ya kale na itakataliwa. Kwa hiyo shirika la umeme, TANESCO, liliwataka wateja waboreshe mita zao kabla ya tarehe hiyo. Katika maboresho hayo, mteja aliponunua umeme alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza yalibadilisha ufunguo, la tatu ndilo lililokuwa na uniti, na ilikuwa lazima yaingie kwa mpangilio huo.

Hapo mtu akahitajika tena. Mtandao ulishatuma ujumbe, mita iko tayari kupokea, lakini katikati yuko bibi mwenye kitochi na tarakimu 60 za kuingiza. Fundi umeme wa mtaa anayejua kwa nini mafungu mawili yanatangulia hugundua mara moja kwamba mteja ameruka moja. Fundi aliyezoea kubonyeza tu atarudia namba zile zile mpaka giza liingie. Tunaposema wafanyakazi waandaliwe kwa ajili ya akili unde, mimi ninachokitaka ni tofauti hiyo kati ya mafundi hawa wawili, na naona mafunzo mengi ya kompyuta yanaishia kumtoa yule wa pili.

Halafu tunakosea kuhusu nani yuko hatarini. Ukizungumza na vijana wa ujenzi utasikia wakisema roboti zinakuja kuwanyang'anya mwiko. Mtaalamu wa roboti Hans Moravec aliandika mwaka 1988 kwamba ni rahisi zaidi kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima kuliko kuipa uwezo wa kuona na kutembea wa mtoto wa mwaka mmoja. Mtazame fundi anayepitisha bomba la waya kwenye ukuta wa nyumba iliyojengwa kwa awamu, kwenye mteremko, tofali za mwaka huu hazilingani na za mwaka juzi. Anapapasa, anagonga, anasikiliza, anaamua akate wapi. Hakuna mashine iliyo karibu na kazi hiyo kwa bei ambayo mwenye nyumba ataimudu.

Aliye karibu na mabadiliko ni yule anayedamka kuwahi daladala akakae mezani mjini: karani, mhudumu wa simu, mwingiza takwimu. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 2023 ulikadiria kuwa asilimia 24 ya majukumu ya kikarani yanaweza kufanywa na akili unde kwa kiwango kikubwa, na kwamba wanawake wamo hatarini kuliko wanaume. Kwa jumla ya ajira zote, zilizo hatarini ni asilimia 5.5 katika nchi tajiri na asilimia 0.4 katika nchi maskini. Tanzania, iliyoingia uchumi wa kati wa chini mwaka 2020, iko katikati. Takwimu hiyo ndogo isitubembeleze. Dada mwenye stashahada ya uhazili, aliyesomeshwa kwa kuuza shamba la familia, yumo ndani yake.

Programu za akili unde zinazoandika zimepitishwa kwenye maandishi mengi mno, zikajifunza kukadiria neno lipi lifuate. Kazi iliyoacha mifano mingi, kama kujibu barua ya mteja, zinaiweza. Lakini tuchukue malalamiko haya: "Naingiza namba, mita inakataa." Programu iliyofunzwa kwa majibu ya miaka ya nyuma ingemshauri mteja arudie kwa uangalifu, tena kwa Kiswahili kizuri kisicho na shaka. Mwishoni mwa 2024 ushauri huo ungekuwa wa kupoteza muda. Karani anayeielewa mita angeusimamisha kabla haujatumwa. Mafunzo ninayoyataka yangemkalisha karani na rasimu za namna hiyo, atafute kosa na aeleze limetoka wapi.

Fedha za kuanzia zipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Nayo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini, nje ya darasa. Ni utaratibu wa haki, kwa kuwa unaanza na anachokijua mtu. Ufunguliwe pia kwa makarani na wahudumu wa simu, wapimwe wangali na ajira, jioni, kwa Kiswahili, karibu na wanakoishi. Mtu wa Goba akitoka kazini Posta saa kumi na moja hawezi kuwahi darasa la VETA Chang'ombe kisha arudi kupika na kusimamia madaftari ya watoto.